Vyumba Kumi na Vitano kwa Siku

Mugeni ni jirani yangu huku Kimironko, ukuta kwa ukuta, na kwa miaka sita niliyomjua sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Huanza vizuri, ametulia kwenye kigoda, halafu ananyanyuka kuangalia kama geti limefungwa, anarudi, anakumbuka simu iko kwenye chaji, na chai inapoa. Alizaliwa Ngara, Tanzania, akaletwa Kigali na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake husema hata safari ile aliifanya akiwa amesimama nyuma ya lori, wenzake wote wamelala juu ya mizigo.

Kwa kazi alikuwa vilevile. Alianza dirishani benki, akahamia kuuza tiketi za ndege, kisha shirika moja la visima, kisha duka la simu. Kila mahali alipendwa na kupandishwa cheo upesi, na kila mahali, mwaka wa pili ukikaribia kuisha, alianza kuamka asubuhi na kitu kimemkaa kifuani kikimwambia kwamba kuna mahali pengine anapotakiwa kuwa. Hakufukuzwa popote. Aliondoka tu.

Kazi ya tano aliipata katika hoteli moja ya Kiyovu, yenye ghorofa nne na bustani mbele. Alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba, akiongoza wanawake tisa wanaotandika vitanda, kusugua mabafu na kusukuma matoroli ya shuka koridoni. Mkurugenzi wake, Ntare, alikulia Kampala na kusomea biashara huko. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa namba, na namba moja ilikuwa inamuumiza: kila mhudumu alisafisha vyumba kumi na viwili kwa zamu, naye alikuwa amesikia kwamba hoteli nyingine mjini zinafika kumi na vitano.

Kwa hiyo akampeleka Mugeni kwenye mafunzo ya siku tatu, katika ukumbi mmoja Kacyiru, juu ya namna ya kuwatia wafanyakazi moyo. Mugeni alirudi kutoka huko amewaka. Jioni ya siku ya kwanza alinieleza yote akizunguka uani kwangu. Mwalimu alikuwa amechora piramidi ubaoni: chini kabisa chakula na mahali pa kulala, juu yake usalama, kisha kupendwa, kisha kuheshimiwa, na kileleni mtu kuwa yule anayeweza kuwa. Siku ya pili alifundisha kwamba mshahara na choo safi cha wafanyakazi huondoa manung'uniko tu, haviwashi moyo, na kwamba kinachowasha moyo ni kazi yenyewe na kutambuliwa. Siku ya tatu ilikuwa ya malengo. Lengo liwe bayana, lipimike, liwe na tarehe, liwe gumu kiasi. Na mwenye kulitimiza awe amelikubali mwenyewe. Hilo la mwisho mwalimu alilisema watu wakianza kukusanya mifuko yao, na Mugeni, ambaye alikuwa amejaza daftari zima, hakuliandika.

Jumatatu aliwakusanya wanawake wake tisa kwenye chumba cha shuka. Aliwaambia kwamba kama ambavyo kila ofisi ya nchi hii, tangu mtaa hadi wizara, hutia saini imihigo, yaani ahadi za kazi zinazopimwa mwisho wa mwaka, wao nao watakuwa na yao. Lengo la wote ni vyumba kumi na vitano kwa zamu. Ubao mweupe utakuwa ukutani, majina kwa mpangilio wa vyumba vilivyokamilika, na picha ya anayeongoza kila mwezi itawekwa mapokezi. Kisha akawagawia fomu ili kila mmoja aandike na lengo lake mwenyewe: lengo gani, litapimwaje, litafikiwa lini.

Alizisoma fomu jioni hiyo, amesimama. Nane zilifanana kama foronya. Kuongeza bidii. Kumridhisha mgeni. Kufikisha vyumba kumi na vitano kabla ya mwezi kuisha. Ya tisa ilikuwa ya Mukantwari, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Biryogo, aliyekuwa amefanya kazi pale muda mrefu kuliko mtu yeyote, hata kuliko Ntare. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kulala. Lengo: kutoka saa kumi kamili. Kipimo: saa ya ukutani. Tarehe: kila siku.

Mugeni alicheka. Kisha hakulala vizuri. Aliniambia kwamba katika fomu zote tisa ile ndiyo pekee iliyofuata mafunzo neno kwa neno, na hakujua kama mama huyo alikuwa anamdhihaki au la. Ntare alipoiona hakuwa na shaka yoyote. Aliona ni kejeli mbele ya wengine, akaagiza Mukantwari aandike upya.

Mukantwari aliitwa, akaisikiliza habari yote mikono ikiwa juu ya aproni, akachukua kalamu. Akaandika yaleyale. Alipoulizwa kwa nini, alisema kwa upole tu kwamba madamu alitaka lengo lake, na lengo lake ndilo hilo, hana lingine la kumpa.

Mwezi wa kwanza wa vyumba kumi na vitano ulikuwa kama mashindano ya mbio. Matoroli yaligongana koridoni. Kaze, msichana mwepesi wa miaka ishirini na minne, alifika vyumba kumi na vitano siku ya nne, kumi na sita wiki iliyofuata, na picha yake ikawekwa mapokezi karibu na maua. Wengine walimaliza saa kumi na moja, saa kumi na moja na nusu, maana zamu haikuisha mpaka namba itimie. Mukantwari alifanya kumi na vitatu. Saa kumi ikigonga alifungua aproni, akaikunja, akaaga. Jina lake lilikaa chini kabisa ya ubao, na kila asubuhi alipopita pale hakugeuza kichwa kuliangalia.

Mugeni ndiye aliyekuwa analiangalia. Alipanda na kushuka ngazi za ghorofa nne mara kumi kwa siku, akahesabu milango, akahamisha meza yake kutoka dirishani hadi mlangoni na kuirudisha tena. Namba zilikuwa nzuri na yeye hakuwa na raha. Asubuhi alipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka hapa Kimironko, na kabla ya kufika hotelini alimwambia dereva amshushe njiani ili atembee, kwa sababu miguu yake haikutaka kukaa.

Jibu la wasiwasi wake lilikuja kupitia mgeni mmoja kutoka Bukavu, mfanyabiashara mtaratibu, ambaye alishuka mapokezi na kusema bila kupandisha sauti kwamba ameikuta hereni kitandani mwake, chini ya shuka, na kwamba yeye amesafiri peke yake. Kilikuwa chumba alichosafisha Kaze. Siku hiyo Mugeni alichukua ufunguo mkuu na kuingia vyumba ishirini vilivyoandikwa kuwa tayari. Hakuangalia ya juujuu. Alifunua pembe za chini za shuka, akapitisha kidole nyuma ya bomba la sinki. Katika vyumba saba shuka hazikubadilishwa. Zilikuwa zimenyooshwa kwa mkono na kunyunyiziwa maji ya manukato. Vitano kati ya hivyo vilikuwa vya Kaze, viwili vya wenzake. Vya Mukantwari alivikagua vyote, akimtafutia kosa kwa kweli, asione hata unywele.

Alimwita Kaze chumba cha shuka. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au uongo, lakini msichana alimtazama usoni.

"Uliniomba kumi na tano, madamu," alisema. "Nimekupa kumi na tano. Hukuniomba safi."

Mugeni alimwambia arudi kazini, na alipobaki peke yake alikaa juu ya fungu la taulo. Kwake kukaa hivyo mchana ni jambo kubwa.

Jioni hiyo Ntare alimpa agizo ambalo alikuwa analiogopa. Msimu wa mikutano ulikuwa unakaribia na wageni wangejaa. Habari ya shuka ilimkasirisha, lakini kwake dawa yake ilikuwa ukaguzi mkali, si kupunguza lengo. Na ili wengine waelewe kwamba lengo ni lengo, Mukantwari apewe barua ya onyo, kwa kuwa ndiye anayeondoka kazi haijaisha mbele ya macho ya wote. Mugeni aliiandika barua ile. Alikaa nayo mfukoni siku mbili. Mara nne alimwendea Mukantwari koridoni, na mara nne akamuuliza kuhusu sabuni.

Siku ya tatu, saa kumi ilipogonga na Mukantwari akaaga, Mugeni alitoka nyuma yake. Ananiambia hakupanga, miguu ilikwenda. Mama yule alitembea haraka kuelekea mjini, akapanda basi la Nyamirambo. Mugeni akasimamisha moto na kumwambia dereva alifuate basi, jambo lililomfurahisha sana yule kijana wa pikipiki. Mbele ya macho yake Mukantwari alishuka, akaingia njia ya vumbi kati ya gereji mbili, na kutokea kwenye kiwanja kitupu kilichopangwa matairi ya zamani kwa mistari.

Hapo palikuwa na gari dogo jeupe lenye alama ya mwanafunzi juu. Vijana watano, wa miaka kumi na tisa, ishirini, walikuwa wanasubiri zamu zao. Mukantwari alisalimiana nao, akabadilisha viatu, akaingia upande wa usukani. Mwalimu akaingia pembeni. Gari likaruka mbele, likazima. Likawaka, likaruka, likazima. Mara ya tatu likaenda. Lilizunguka matairi polepole, likarudi kinyumenyume hadi kwenye nafasi iliyochorwa chini, likapinda, likagusa tairi moja. Likaanza upya. Mugeni alisimama kando ya ukuta wa gereji akitazama kwa karibu saa nzima. Hakukumbuka ni lini alisimama mahali pamoja kwa muda mrefu hivyo.

Mukantwari alimwona alipokuwa anashuka. Hakushtuka. Alivua viatu vya kuendeshea, akavifuta vumbi, akaja.

Mugeni alimweleza ukweli: kwamba amemfuata, kwamba ana barua mfukoni, na kwamba hajui aanzie wapi. Wakakaa kwenye benchi la gereji. Mukantwari akamsimulia kwamba ameshapata cheti cha alama za barabarani baada ya kufeli mara mbili, na kwamba mtihani wa kuendesha ameufeli mara mbili pia, yote kwa kurudi kinyumenyume. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba anachohitaji ni mazoezi ya kila siku. Na jua huzama saa kumi na mbili. Akitoka hotelini saa kumi, ukitoa muda wa basi na wa kusubiri zamu, anapata karibu saa nzima ya mwanga. Akitoka saa kumi na moja hapati kitu. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Mugeni akamuuliza kwa nini hakusema. Mukantwari akajibu kwamba aliona watamcheka, mama wa miaka hamsini na mbili. Kisha Mugeni akauliza lile lililokuwa linamsumbua kweli. Alitaka kujua leseni hiyo ni ya nini. Kuna kazi ameahidiwa? Kuna gari la ndugu? Akilini alikuwa na piramidi ya Kacyiru na alikuwa anatafuta ngazi ya kumweka.

Mukantwari alifikiri kidogo. Baba yake, alisema, alikuwa dereva wa lori la masafa, Kigali hadi Dar es Salaam. Wakati wa likizo aliwachukua watoto kwenye kichwa cha lori mpaka mpakani Rusumo na kurudi. Kaka zake wote wanne alikuja kuwafundisha kuendesha. Yeye alifundishwa kufungasha chakula cha njiani.

"Hakuna mutu ameniahidi kitu, mwanangu," alisema. Hotelini alikuwa anamwita madamu. Hapa kwenye benchi alimwita mwanangu. "Nataka tu. Wewe hakuna kitu unataka hivyo, bila sababu?"

Mugeni aliniambia kwamba swali hilo lilimchoma. Kwenye simu yake alikuwa na orodha ya malengo ishirini na saba, mengine ya tangu benki, yote yana tarehe. Aliipitisha akilini pale pale, moja moja, na kila lengo alilikumbuka lilikotoka: hili la mjomba, hili la kwenye semina, hili aliliona kwa rafiki. Walirudi mjini kwenye basi moja wakizungumza habari za sabuni, safari hii kweli.

Asubuhi aliingia ofisini kwa Ntare na kuirudisha barua juu ya meza bila saini. Alimweleza habari za kiwanja cha Nyamirambo, akamweleza na maneno ya Kaze. Akasema anataka vyumba kumi na vitatu, vilivyokaguliwa. Anataka wanawake wenyewe wagawane ghorofa na wafanye kazi wawiliwawili, kwa sababu yeye hajui ni nani mwenye goti bovu na ni nani mwepesi wa mabafu, lakini wao wanajua. Na zamu iishe saa kumi kwa aliyemaliza. Ntare alisikiliza akizungusha kalamu. Alisema Mugeni anataka kuiendesha hoteli kama chama cha kuweka na kukopa. Lakini malalamiko ya wageni yalikuwa mbele yake, kurasa tatu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumpa kazi ile. Alimpa mwezi mmoja. Lengo la kumi na tano, alisema, litabaki kwenye imihigo ya Mugeni mwenyewe, iliyokwisha kutiwa saini, na mwisho wa mwaka atapimwa kwa hilo.

Mwezi ule nilimwona Mugeni akikonda. Kwa siku tatu za kwanza mambo yalikuwa vurugu: wanawake walibishana kuhusu ghorofa ya nne, ambayo haina lifti ya mizigo, na wawili walinuniana. Kwa kuwa walikuwa tisa, yeye mwenyewe aliingia kuwa wa kumi, akivua shuka pamoja nao, nywele zimefungwa kitambaa. Wiki ya pili ugomvi ukaisha, si kwa sababu ya hotuba yake bali kwa sababu Mukantwari alipendekeza ghorofa ya nne wapokezane. Kaze aliwekwa na Mukantwari. Siku moja Mugeni aliwapita mlangoni akamkuta Kaze amepiga magoti kitandani akimwonyesha mama yule namna ya kuingiza foronya kwa mkono mmoja, kisha Mukantwari akamwonyesha yeye pembe ya shuka inavyokunjwa ili isichomoke hata mgeni akigaagaa. Walikuwa wanacheka kitu ambacho Mugeni hakukisikia.

Mwezi ulipoisha malalamiko yalikuwa mawili, na moja lilihusu kelele za barabarani. Vyumba vilikuwa kumi na vitatu, siku nyingine kumi na vinne. Kumi na vitano havikufikiwa hata mara moja. Ntare hakusema ndiyo wala hapana; aliacha mambo yaendelee hivyo, na siku moja ule ubao haukuwepo ukutani, bila mtu kutangaza kuondolewa kwake.

Mukantwari alifaulu mtihani wa kuendesha mara ya tatu, siku ya Alhamisi. Ijumaa alikuja na leseni imefungwa kwenye leso, wanawake wote wakaipokezana chumba cha shuka. Mugeni alikimbia kwa Ntare siku hiyohiyo kumwomba Mukantwari ajaribiwe kwenye gari dogo la hoteli linalopokea wageni uwanja wa ndege. Ntare alikataa, na si kwa ubaya: dereva wa wageni lazima awe na uzoefu wa miaka, bima inataka hivyo. Baada ya wiki tatu Mukantwari alileta barua yake mwenyewe. Mwoka mikate mmoja wa Kimironko alikuwa anatafuta dereva wa kusambaza mikate asubuhi.

Ntare aliisoma barua ile mara mbili. "Umemtia moyo mpaka ameondoka," alimwambia Mugeni. Mugeni alikubali kwamba ndivyo.

Mwisho wa mwaka alipimwa kwa imihigo aliyoitia saini. Lengo la vyumba halikutimia, kwa hiyo hakupata cheo kilichokuwa kinamsubiri. Mwaka wake wa pili hotelini nao ulikuwa unaisha. Na kama kawaida simu ililia: ofisi moja ya ushauri Kacyiru, iliyosikia habari zake kwa mtu wa mafunzo, ilimtaka aje kufundisha wengine namna ya kuweka malengo. Kazi ya mezani, yenye jina zuri. Nilijua atakwenda. Nilianza hata kufikiria nani atahamia nyumba ya jirani, maana alikuwa anasema akiipata atapanga karibu na kazi.

Asubuhi ya kwenda kuwajibu alikuwa anasubiri moto hapo barabarani wakati gari la mikate liliposimama mbele yake. Mukantwari alikuwa nyuma ya usukani, kiti amekivuta mbele kabisa, mgongo wima. Alimpakia hadi Kacyiru. Mugeni anasema njia nzima hawakuzungumza sana, kwa kuwa mama yule alikuwa bado anaendesha kwa mwili mzima, akinong'ona majina ya alama za barabarani kila anapozipita. Kwenye mzunguko wa magari alisubiri mpaka wa nyuma wakaanza kupiga honi, akaingia kwa wakati wake, akatoka njia aliyoitaka. Alimshusha mlangoni, akaondoka. Mikate ilikuwa inasubiriwa.

Mugeni aliingia ndani na kuwaambia kwamba haji. Walimuuliza kama amepata mahali pazuri zaidi. Alisema hapana, bado kuna jambo hajalimaliza pale alipo, na hakuweza kuwaeleza ni lipi kwa sababu hata yeye alikuwa hajalijua vizuri.

Kisha akapanda moto hadi Kiyovu. Alifika amechelewa dakika arobaini, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akapanda ngazi mbio, pumzi juujuu, tayari kuomba radhi. Chumba cha shuka kilikuwa kitupu. Matoroli yote yalikuwa yameshatoka. Mlangoni Kaze alikuwa amebandika karatasi ya mgawanyo wa vyumba vya siku hiyo, na mwishoni, kwa ghorofa ya nne, alikuwa ameandika jina la Mugeni.

Akafunga kitambaa kichwani, akapanda.